Kumtafuta babu aliyefia manowarini: shajara ya mradi

Januari

Tunachokijua nyumbani hakijazi ukurasa. Bibi, ambaye ndiye mkubwa wetu aliyebaki, aliyasikia haya kwa babu yake mzaa baba, na huyo ndiye mtoto wa marehemu tunayemtafuta. Kati ya Bibi na tukio lenyewe kuna mdomo mmoja tu, jambo la kushukuru. Anasema hivi: aliingia manowari ya Waingereza baada ya kimbunga kilichoangusha mikarafuu, alipanda cheo akawa msimamizi wa mabaharia wenzake Waswahili, alikufa safarini kwa homa, na habari zilifika Unguja watu ndiyo kwanza wanaanza kufunga, zikiletwa na mwenzake aliyekuja na kifurushi cha nguo na fedha kidogo.

Ami ana habari yake. Kwake yeye, babu aliuawa Pemba kwa upanga na watu wa jahazi la watumwa, akafa pamoja na mkubwa wa Kizungu. Ami anasimulia vizuri kuliko Bibi, kwa mikono na macho, kwa hiyo hii ndiyo iliyoenea kwa watoto.

Kaburi hakuna anayelijua. Kila Shaaban tunasoma khitma ya wazee wetu, na yeye hutajwa bila mtu kujua amelala wapi. Safari hii Bibi aliuliza kwa sauti kwa nini watu wenye simu za bei wanashindwa kumtafuta mtu mmoja. Basi nimeanza.

Wazee wamekubali niandike kwa sharti kwamba jina lake, na jina la meli aliyofia, visitajwe hapa mpaka ukoo ukae pamoja. Ahadi ni ahadi. Msiniulize.

Kitu cha kwanza nilichokifanya ni kuyaandika maneno ya Bibi na ya Ami mbalimbali, bila kuyasuluhisha, nikaweka pembeni nani alisikia kwa nani. Halafu nikatafuta cha kutundikia tarehe. Kimbunga ni rahisi: Unguja ilipigwa tarehe 15 Aprili 1872, mashamba ya mikarafuu yakalala chini, Pemba ikapona kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo hakuingia manowari kabla ya hapo. Upande wa pili wa kamba bado uko hewani.

Mwisho wa Januari

Kwa wasioijua habari hii, maneno machache. Mwaka 1873, tarehe 5 Juni, Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja, na mwaka uliofuata Waingereza wakaleta manowari kongwe, HMS London, ikakaa bandarini kama kituo. Ilikuwa meli ya mbao iliyoteremshwa majini Chatham mwaka 1840, imewahi kupiga mizinga Sevastopol kwenye vita vya Crimea, na kufikia wakati huo haikuwa ya kwenda popote. Kazi ilifanywa na mashua zake. Zilitumwa wiki kadhaa kuvizia majahazi, hasa upande wa Pemba, na meli mama ikabaki Unguja kama hospitali, karakana na ghala mpaka ilipouzwa kuvunjwa mwaka 1884.

Mashua hizo hazikuendeshwa na Wazungu peke yao. Jeshi la majini la Uingereza liliandika watu wa mwambao huu, pia Aden na Bombay, vitabuni wakaitwa Seedie. Walivuta makasia, walipakia makaa kwenye matanuri ya meli za mvuke, walifanya kazi za juani ambazo madaktari wa Kizungu waliona zitawaua watu wao. Wengine walikuwa watu huru waliotafuta mshahara. Wengine walikuwa wametolewa kwenye majahazi yaleyale waliyotumwa baadaye kuyakamata. Babu yetu alikuwa upande upi, Bibi hakusema, na nilipomuuliza alinitaka nimpe maji ya kunywa.

Februari

Kila mwongozo wa kumtafuta baharia wa Kiingereza unakupeleka kwanza kwenye ADM 188. Huo ni mfululizo wa rejista ulioko kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, wa mabaharia walioandikwa kuanzia 1873, kila mmoja na namba yake ya utumishi, mwaka na mahali alipozaliwa, meli alizopita na mwisho wake. Ukipata namba umepata maisha ya mtu kwenye mstari mmoja. Unaweza kuutafuta kwa jina ukiwa nyumbani.

Kwetu haukusaidia, na nimekuja kuelewa sababu. Wengi wa walioandikwa papo hapo kwenye kituo, kwa muda, hawakupewa namba ya aina hiyo. Kwa makao makuu hawakuwa watu wenye historia ya utumishi. Walikuwa gharama ya meli fulani kwa miezi fulani. Basi kumbukumbu zao ziko mahali gharama zinapoandikwa, yaani kwenye vitabu vya mishahara vya kila meli.

Kuna kikwazo kingine, cha jina. Makarani wa meli walikuwa na mazoea ya kuwapa hawa watu majina ya mzaha, sawa na walivyowafanyia Wakru wa Afrika Magharibi: mbele Jack au Tom, nyuma chombo cha jikoni au kifaa cha melini. Hamisi wa Makame anapanda ngazi asubuhi, akishuka jioni ni ndoo. Kwa hiyo hata ningekuwa na jina kamili la babu kama alivyoitwa na mama yake, lisingenifikisha popote.

Nimeamua kuacha kutafuta mtu. Natafuta meli, halafu cheo, halafu tarehe, na mwisho nione ni nani aliyesimama pale vitu hivyo vitatu vinapokutana.

Machi

Binamu yetu anayeishi London amejitolea. Kew wanakutengenezea kadi ya msomaji, wanakuruhusu kupiga picha kwa simu yako bila malipo, na wanakunyang'anya kalamu ya wino mlangoni; ndani ni penseli tu. Alinitumia ujumbe wa sauti akiwa nje ya jengo: "Kaka, humu ndani watu wanapumua kwa adabu. Nimekohoa mara moja wamegeuka wote."

Alichoagiza ni ADM 117, vitabu vya mishahara vya meli, ambavyo vinafika mwaka 1884, kwa hiyo miaka ya London tunayoitaka imo. Kurasa ni pana kama meza ya kulia, na kila kitabu ni cha robo mwaka. Mstari mmoja wa mtu unaanzia kushoto: namba yake kwenye vitabu vya meli, jina, cheo, ameingia lini, ametoka wapi. Katikati ni fedha, mshahara unaostahili, na makato ya tumbaku, sabuni na nguo. Kulia kabisa ni mlango wa kutokea: lini ameondoka, kwa nini, amekwenda wapi.

Kwenye safu hiyo ya kutokea mtu hupewa herufi. D ni aliyeachishwa au kuhamishwa. R ni aliyetoroka. DD ni aliyekufa. Ukishazizoea, jicho linaacha kusoma majina kabisa, linashuka na safu ya kulia likitafuta hizo D mbili.

Seedie hawakuchanganywa na mabaharia wa Kiingereza. Wana orodha yao, na mkubwa wao ana cheo cha tindal, cheo kilichotoka kwa mabaharia wa Kihindi. Hapo ndipo neno la Bibi, "msimamizi wa wenzake", lilipoanza kuwa na thamani ya fedha taslimu. Seedie wa kawaida ni wengi mno kumtambua mmoja. Matindal ni wachache, na mshahara wao mkubwa unawatenga hata pale karani alipoandika vibaya.

Binamu amepiga picha za robo zote alizozifikia kwa siku hiyo. Mimi nazisoma usiku. Mwandiko wa karani wa mwaka 1876 ni mzuri, herufi zimesimama wima na wino haujafifia. Aliyemfuata Mungu amsamehe.

Aprili

Wakati nasubiri robo nyingine, tulikwenda Chapwani, ile wengine wanaiita Kisiwa cha Makaburi, kwa sababu mmoja wa mashangazi alishikilia kwamba mabaharia wote wa Kiingereza wamezikwa huko. Wapo kweli. Makaburi ya wanamaji yalianza kuchimbwa hapo mwaka 1879, na baadaye wakaongezwa watu wa HMS Pegasus, iliyozamishwa mbele ya mji na Königsberg ya Wajerumani tarehe 20 Septemba 1914. Tuliyasoma mawe yote yanayosomeka. Babu hayumo, wala hatukuona la Seedie mwingine.

Nilitarajia hivyo. Kwanza alikuwa Mwislamu, na wenzake wasingemlaza pale. Pili, mawe hugharimiwa na mtu. Simon's Town, Afrika Kusini, kwenye makaburi ya zamani ya Seaforth, kuna mawe ya Wakru wenye majina yao ya manowari. Kwa babu wa 1870 na kitu hatuna hata hati ya jiwe.

Kwa mwenye ndugu wa vita vya 1914 au vya 1939 hali ni nyingine, na msikose kuangalia. Tume ya Jumuiya ya Madola ya Makaburi ya Vita inashughulika na waliokufa kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, na kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Orodha yake inatafutika bure. Lakini kutomkuta huko si ushahidi kwamba hakufa vitani: mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti ikikiri kuwa watu wasiopungua 116,000 wa vita vya kwanza, na huenda wengi zaidi, wakiwemo Waafrika wa Mashariki, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa.

Mei

Amepatikana. Naandika hivyo, halafu nafuta, halafu naandika tena.

Kwenye vitabu vya London kuna tindal aliyeingia Unguja katikati ya miaka ya 1870, kwanza kama Seedie wa kawaida, akapanda. Mwaka 1880 ana D, amehamishiwa meli nyingine ya East Indies, yaani kikosi cha manowari za Kiingereza cha Bahari ya Hindi, meli ya mvuke inayotembea. Binamu aliagiza vitabu vya meli hiyo. Robo ya Julai hadi Septemba 1881, orodha ya Seedie, mstari wa juu kabisa: jina lake lilelile la mzaha, cheo tindal, mahali pa kuzaliwa Zanzibar, na kulia DD. Tarehe inaangukia wiki ya tatu ya Julai.

Jina halinishawishi. Kilichonishawishi ni kalenda. Ramadhani ya mwaka 1298 Hijria ilianza mwisho wa Julai 1881. Aliyekufa wiki ya tatu ya Julai amekufa Shaaban, na kama meli ilikuwa njiani kuja Unguja, habari zingefika watu ndiyo kwanza wanaanza kufunga.

Nilimpigia Bibi nikamsomea. Alinyamaza kidogo, akauliza: "Na zile fedha, wameziandika?" Nikamwambia zimeandikwa, mshahara uliobaki baada ya makato ya tumbaku. "Babu alisema baba yake havuti tumbaku," akasema. Nikamweleza kwamba mabaharia walichukua tumbaku wakauza. Sina hakika kama amelipokea hilo.

Katika vitabu vya meli hiyo hakuna tindal mwingine mwenye DD. Natamani ushahidi wa pili unaotoka kwa mwandishi tofauti.

Juni

Mwandishi tofauti ni yule wa batli, yaani daftari la safari la kila siku la meli. Batli za manowari za Kiingereza ziko mfululizo wa ADM 53, na zinahitaji mazoezi kabla hujakutana na ya kwako. Mimi nilijifundisha kwa zile za vita vya 1914 ambazo watu wa kujitolea walizinakili mtandaoni kwenye mradi wa Old Weather. Wataalamu wa hali ya hewa walitaka takwimu za upepo na joto za zamani, na wanukuzi wakaokota na habari za watu humohumo. Ni shule nzuri, kwa sababu una picha na nakala ubavuni.

Siku moja ya batli ni saa ishirini na nne, mstari kwa kila saa. Kasi, uelekeo wa dira, upepo unatoka wapi na kwa nguvu ya namba gani, hali ya mbingu kwa herufi moja moja: b ni anga tupu, c mawingu, o limefunga, r mvua, q dhoruba za ghafla. Pembeni hesabu ya wagonjwa. Saa sita mchana mahali meli ilipo, kwa latitudo na longitudo. Upande mmoja kuna nafasi ya maelezo, na hapo ndipo maisha yanapobanwa: wamepaka rangi, wameshona matanga, fulani amefungwa kwa ulevi, nyama pipa moja limekutwa limeoza.

Siku yetu inaanza kwa upepo wa kusini-mashariki nguvu 4, na herufi b na c. Ni kusi, hali ya hewa ambayo nahodha yeyote wa jahazi angeifurahia. Meli imetoka Shelisheli inakuja Unguja, kwa mvuke na matanga. Kwenye zamu ya saa kumi alfajiri hadi saa mbili asubuhi kuna mstari mmoja: amefariki, jina lile, tindal. Chini yake, mwandiko uleule, wamefua vitanda.

Kisha hakuna kitu mpaka jioni. Saa kumi na moja: wamesimamisha injini, wameuteremsha mwili wa marehemu baharini, wameendelea na safari.

Nimeuangalia ukurasa huo muda mrefu. Utaratibu wa Waingereza kwa watu wao unajulikana: maiti inashonwa ndani ya kitanda chake cha turubai, risasi za mizinga zinawekwa miguuni izame, bendera nusu mlingoti, sala inasomwa, ubao unainuliwa. Batli haisemi kama ndivyo alivyofanyiwa. Haisemi pia nani alimwosha. Lakini kati ya alfajiri na saa kumi na moja jioni kuna mchana mzima, na kwenye joto la Bahari ya Hindi hawakuwa na sababu ya kusubiri hivyo. Nadhani waliachiwa nafasi, na kwamba wenzake waliitumia.

Idadi ya wagonjwa pembeni inapanda tangu Shelisheli. Hakuna jahazi lililofukuzwa wiki hiyo. Hakuna mzinga uliopigwa.

Halafu kazi ya hesabu, ambayo sikuona mwongozo wowote ukiieleza. Batli inatoa mahali pa saa sita mchana, lakini babu aliteremshwa saa kumi na moja jioni. Tofauti ni saa tano za mwendo. Unachukua kasi ya kila saa, unajumlisha. Kwetu ilitoka maili 30 za bahari karibu kamili. Unachukua uelekeo, ambao ulikuwa kusini-magharibi ukiegemea magharibi, nyuzi 236 kwa hesabu ya leo. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya bahari, yaani mita 1,852. Ukizigawa zile maili 30 kwa pembe hiyo unapata dakika 17 kuelekea kusini na dakika 25 kuelekea magharibi. Karibu na ikweta dakika ya longitudo inakaribia kulingana na ya latitudo, kwa hiyo sahihisho ni dogo. Unasogea kiasi hicho kutoka mahali pa saa sita, na hapo ndipo.

Si hapo hasa. Dira ya sumaku haielekei kaskazini ya kweli, na mkondo unasukuma meli bila kuuliza. Njia ya kuukadiria mkondo ni kuhesabu vivyo hivyo mpaka saa sita ya kesho yake, kisha kulinganisha na mahali walipopima kwa jua. Tofauti ilikuwa maili chache, upande wa magharibi. Nimechora duara lenye nusu kipenyo cha maili kumi kwenye ramani. Ndani yake hakuna kisiwa wala mwamba, na kina ni maelfu ya mita.

Jarida la daktari nililitafuta kwenye ADM 101, mfululizo wa majarida ya madaktari wa meli. La meli hii kwa mwaka huo sikulikuta. Basi neno "homa" linabaki la Bibi, na hesabu ya wagonjwa haimpingi.

Julai

Ami hakufurahi.

Nilimwonesha picha za kurasa, akavaa miwani, akazitazama kwa heshima, akazirudisha. "Kwa hiyo babu yangu alikufa kitandani?"

"Melini, Ami. Mgonjwa."

"Na ule upanga?"

Ule upanga upo, na nilimweleza ulikotoka. Tarehe 3 Desemba mwaka uleule wa 1881, Kapteni Charles Brownrigg, mkuu wa HMS London, alikuwa kwenye mashua ya mvuke karibu na Pemba. Walikutana na jahazi lenye bendera ya Kifaransa. Majahazi yalipenda bendera hiyo kwa sababu Ufaransa haikukubali vyombo vyake vipekuliwe na Waingereza. Walipolisogelea ili kuangalia hati, watu wa jahazi wakawarukia. Brownrigg aliuawa na baadhi ya watu wake, na jahazi likaondoka na watumwa. Mji mzima uliongea. Magazeti ya London yaliandika jinsi alivyopigana mpaka kuanguka.

Kwa mtoto wa Unguja wa wakati ule, mwaka mmoja ulileta vifo viwili vya watu wa manowari, kimoja Ramadhani na kingine kabla mwaka wa Kizungu haujaisha. Kimoja kilikuwa na upanga na mzungu mkubwa, kingine kilikuwa na kifurushi cha nguo. Barazani kimoja kinasimulika. Sishangai vikiwa kimoja, na simlaumu aliyeviunganisha; hata mimi ningemchagulia babu yangu upanga.

Ami alifikiri, akasema: "Lakini aliwajua. Aliokuwa nao yule mkubwa."

Hilo naona ni kweli, au karibu na kweli. Alikuwa London mpaka 1880. Waliovuta makasia na waliochochea makaa kwenye mashua zile ni watu aliokula nao. Nimeliandika kwenye jedwali langu kama dhana, jina la Ami pembeni. Ami ameridhika kiasi.

Agosti

Swali la kaburi lilikuwa la wazee, na jibu nililowaletea ni duara kwenye ramani ya bahari. Nilimwomba mwalimu wetu wa chuoni aje siku ya kuwaeleza, maana mimi naweza kusoma batli lakini si kitabu cha fiqhi.

Alieleza kwa ufupi. Anayefia chomboni na nchi kavu iko mbali huoshwa, hukafiniwa, huswaliwa na walio naye, kisha huteremshwa majini. Hilo ni ziko kamili, halina upungufu. Mmoja wa mashangazi aliuliza kama tumswalie swala ya ghaibu, ile ya maiti asiye mbele ya wanaoswali. Mwalimu akasema kwa madhehebu yetu ya Shafi swala hiyo ni ya yule aliyekuwa mtu mzima siku ya kifo, na hapa hakuna mwenye umri huo, "hata wewe Bi Mkubwa". Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. Dua na khitma zinatosha, na hazihitaji mahali.

Baada ya hapo likaja la jina, na wakabishana mpaka magharibi. Wengine wanataka jina la mzaha lisiandikwe kabisa kwenye karatasi ya ukoo. Wengine wanasema bila hilo hakuna atakayeweza kuhakiki kazi hii baada yetu. Mimi niko na hawa wa pili, nikanyamaza kwa kuwa ni mdogo. Haikumalizika.

Septemba

Mahali mradi ulipo: tarehe ya kifo ina vyanzo viwili visivyotegemeana, kitabu cha mishahara na batli. Mahali pa kuteremshwa nina duara. Sababu ya kifo ni kauli ya nyumbani, na hesabu ya wagonjwa inaikubali. Utambulisho wake unasimama kwa cheo, mahali pa kuingia, mwezi wa habari kufika na kutokuwepo kwa tindal mwingine aliyekufa. Nikipewa kesi kama hii na mtu baki ningesema inaelekea sana, nisingesema imethibiti.

Kinachoweza kuithibitisha ni fedha. Jeshi la majini lilikuwa na desturi ya kuuza vitu vya marehemu kwa mnada palepale sitahani, fedha zikaongezwa kwenye mshahara uliobaki na kuandikwa kwa ajili ya warithi. Kwa mtu wa Unguja, huenda zilipita kwa balozi wa Uingereza. Kumbukumbu za ubalozi wa wakati huo ziko kwenye Nyaraka za Zanzibar, Kilimani. Kama kuna risiti, huenda ina alama ya aliyepokea, na jina lake kwa Kiswahili, lile ambalo hakuna karani wa meli aliyeligusa. Nimeomba mafaili ya nusu ya pili ya 1881 na mwaka 1882.

Lingine ni yule mwenzake aliyeleta kifurushi. Batli inasema meli ilitia nanga Unguja siku za mwisho za Julai. Mtu huyo ama alipewa ruhusa ya kushuka, na hapo hatuna njia, ama aliachishwa kazi pale pale, na hapo ana D kwenye kitabu cha robo ileile. Nimeshawatenga Seedie wenye D ya Unguja ndani ya wiki mbili baada ya kufika. Mmoja wao anatoka kwenye mtaa ambao Bibi anaukumbuka kwa ukoo wa marafiki wa babu yake, na Ami anamjua mjukuu anayeuza samaki Malindi. Amesema atakwenda kumuuliza mwenyewe, nisimwandikie maswali.